Renesansi katika usanifu majengo: nyumba iliyopimwa kwa mwili wa mtu

Neno Renesansi lina asili ya Kifaransa na maana yake ni kuzaliwa upya. Kilichozaliwa upya ni elimu na sanaa za Wagiriki na Warumi wa kale, na kilizaliwa katika miji ya Italia, Firenze ikitangulia, tangu mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa upande wa majengo, neno hili linataja ujenzi uliorudia nguzo, matao ya nusu duara, kuba na pembetatu za mbele ya paa, vitu ambavyo kwa miaka elfu moja vilikuwa vimelala magofuni huko Roma.

Maana hiyo ni sahihi, ila anayeishia hapo atadhani wasanifu wa Renesansi walikuwa wanakili tu. Walipoyaendea magofu na kamba zao walikuwa wakitafuta kipimo. Nguzo ikiwa nene kiasi hiki, iwe ndefu kiasi gani? Mlango ukiwa mpana hivi, dirisha la juu yake liwe vipi? Waliamini kuna uwiano mmoja unaoziunganisha sehemu zote za jengo, na kwamba Warumi waliujua. Imani hiyo ndiyo kiini cha dhana yenyewe.

Kabla yao Ulaya ilijenga kwa mtindo uitwao Kigothi: makanisa marefu, matao yaliyochongoka, na nguzo za mawe zinazoegemezwa nje ya kuta ili zisisukumwe zikaanguka. Jina hilo lilitolewa kwa dharau. Waandishi wa Italia, Giorgio Vasari akiwa miongoni mwao, waliwabebesha lawama ya mtindo huo Wagothi, watu waliowahi kuivamia Roma. Walikosa haki, kwa sababu waashi wa Kigothi walikuwa mafundi wakubwa, na aliyewahi kuona hata picha ya kanisa la Chartres huko Ufaransa anajua hilo. Tofauti iko katika anachohisi mtu aliye ndani. Katika kanisa la Kigothi macho yanavutwa juu hadi mtu anajisahau. Katika jengo la Renesansi anaweza kulisoma jengo zima akiwa amesimama mahali pamoja, kwa kuwa kila sehemu inajibu nyingine.

Anayetajwa kwanza daima ni Filippo Brunelleschi, mzaliwa wa Firenze, mwaka 1377, aliyejifunza usonara. Mwaka 1401 alishindania kazi ya kutengeneza milango ya shaba nyeusi ya jengo la ubatizo la mji wake, na kazi ikaenda kwa Lorenzo Ghiberti. Baadaye alikwenda Roma. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba alifuatana na mchongaji Donatello, wakawa wanapima magofu na kufukua misingi, hata wenyeji wakadhani wanasaka hazina.

Firenze wakati huo ilikuwa na kanisa lisilo na kichwa. Santa Maria del Fiore lilianza kujengwa mwaka 1296, na zaidi ya karne moja baadaye katikati yake palikuwa bado na tundu la pembe nane, upana wake karibu mita 45. Kwa kawaida kuba hujengwa juu ya jukwaa la mbao lenye umbo la kuba hiyo, na jukwaa huondolewa chokaa ikishashika. Lakini ukingo wa tundu lile ulikuwa zaidi ya mita 50 kutoka chini. Mbao za kujaza nafasi yote hiyo zisingepatikana, na hata zingepatikana, kuzisimamisha kungekuwa kazi ngumu kama kuba yenyewe.

Brunelleschi alisema atajenga bila jukwaa hilo, na mwaka 1420 kazi ikaanza. Alipandisha kuba mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani nene na ya nje nyembamba, zikishikwa pamoja kwa mbavu. Katikati yake akaacha njia ambayo wageni wanaipanda hadi leo, ngazi 463 mpaka kileleni. Matofali aliyapanga mfano wa miiba ya samaki: baada ya kulaza kadhaa, moja linasimamishwa wima, nalo linayabana yaliyolazwa yasiteleze kabla chokaa haijakauka. Akaizungushia kuba minyororo ya mawe na mbao, kama pipa linavyofungwa mikanda ya chuma, ili uzito wake usiipasue. Akabuni pia mashine ya kupandishia mizigo iliyoendeshwa na maksai. Ilikuwa na gia ya kugeuza mwendo, kwa hiyo mzigo uliweza kupanda na kushuka bila kuwafungua wanyama na kuwageuza. Mwaka 1436 Papa Eugenio IV alilitabaruku kanisa, na mwaka huohuo kuba ikafungwa.

Wengi huanzia hadithi ya Renesansi kwenye kuba hiyo. Mimi napenda kuanzia kwenye jengo la chini zaidi. Ukiitazama vizuri kuba ya Firenze utaona imechongoka. Umbo lake lilikuwa limekwisha kuamuliwa zamani na lina damu ya Kigothi, ingawa ujasiri wa kuijenga ni wa Kirumi. Jengo lililoanza kusema lugha mpya waziwazi ni Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto waliotupwa, ambayo Brunelleschi aliianza mwaka 1419 kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri.

Kwa mbele ni baraza refu tu, lenye matao tisa juu ya nguzo nyembamba za jiwe la kijivu, na ukuta wake ni mweupe. Lakini lipime. Kutoka nguzo hadi nguzo, kutoka nguzo hadi ukuta wa nyuma, na kutoka sakafuni hadi kwenye kichwa cha nguzo, umbali ni karibu uleule. Maana yake kila tao limekaa juu ya mchemraba wa hewa, na baraza lote ni mchemraba huo uliorudiwa mara tisa. Hakuna dhahabu wala masanamu mengi, na uzuri wake wote umetokana na hesabu. Mtoto wa kwanza, msichana, alipokelewa hapo tarehe 5 Februari 1445. Inanigusa sana kwamba mtindo uliokuja kupamba mahakama, mabenki na majumba ya marais ulianza kwa kuwapa watoto wasio na wenyewe mlango mzuri wa kuingilia.

Hata hivyo Brunelleschi hakuchukua kila kitu Roma. Sehemu ya masomo yake aliyapata nyumbani, kwa mfano katika jengo la ubatizo la Firenze, ambalo wenyeji waliliamini kuwa hekalu la Kirumi wakati lilijengwa na Wakristo wa zama za kati. Aliiga ukale ambao wakati mwingine haukuwa wa kale sana, na kazi zake hazikupungukiwa kitu kwa hilo.

Mafundi wa Firenze walipima kwa braccio, neno la Kiitaliano lenye maana ya mkono. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu, maana wazee wa pwani walipima vivyo hivyo. Wanda ni upana wa kidole, shubiri ni kiganja kilichotanuliwa, mkono au dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha hadi ncha. Shubiri mbili hufanya mkono, na mikono minne hufanya pima. Shika hesabu hiyo, kwa kuwa inafungua kitabu muhimu kuliko vyote katika habari hii.

Kitabu hicho ni cha Vitruvius, mhandisi wa Kirumi aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo na kumtunukia kazi yake Kaisari Augusto. Kina sehemu kumi, na ndicho pekee kuhusu usanifu majengo kilichotufikia kizima kutoka zama hizo. Watawa walikuwa wakikinakili kwa karne nyingi bila makelele. Mwaka 1416 Poggio Bracciolini, karani wa Papa aliyekuwa na mapenzi ya kusaka maandishi ya kale, alikuta nakala yake katika maktaba ya watawa wa St. Gallen, Uswisi. Safari hii kitabu kiliangukia mikononi mwa watu wenye kiu nacho.

Vitruvius anadai mambo matatu kwa kila jengo: liwe imara, liwe na manufaa, liwe zuri. Kisha anasema hekalu lipangwe kama mwili wa mtu aliyeumbika vizuri ulivyopangwa, na anatoa vipimo. Unyayo ni sehemu ya sita ya kimo. Mkono, kutoka kiwiko, ni robo ya kimo. Mikono iliyonyooshwa, ncha hadi ncha, ni sawa na kimo chenyewe. Hiyo ni hesabu ya pima, mikono minne kwa kimo kimoja, imeandikwa na Mrumi. Mnamo mwaka 1490 Leonardo da Vinci aliichora: mwanamume uchi, mikono na miguu imetanuliwa, anagusa mduara na mraba kwa pamoja. Mchoro huo sasa umo kwenye sarafu ya euro moja ya Italia.

Leon Battista Alberti, mwanazuoni na msanifu, alilichukua wazo hilo akalipa nadharia. Katika kitabu chake kuhusu ujenzi, alichokiandika yapata mwaka 1452, anaueleza uzuri kuwa ni mapatano ya sehemu zote kiasi kwamba huwezi kuongeza kitu, kupunguza wala kubadilisha bila kuliharibu jengo. Akasema pia kwamba namba zinazopendeza sikio katika muziki, yaani moja kwa mbili, mbili kwa tatu, tatu kwa nne, ndizo zinazopendeza jicho katika chumba. Sina hakika kwamba jicho linahesabu kama sikio. Lakini ukisimama mbele ya kanisa la Santa Maria Novella, ambalo uso wake Alberti aliumalizia kwa miraba iliyogawanywa ndani ya miraba, ni vigumu kumbishia.

Kutoka kwa Vitruvius na magofu yenyewe walijenga pia sarufi ya nguzo. Jamii zake ni tano, na Sebastiano Serlio alizichapa zikiwa zimepangwa pamoja mwaka 1537. Kitoskana ni nene na haina pambo. Kidori ni nzito, na Vitruvius aliilinganisha na mwili wa mwanamume. Kiionia imejikunja kichwani mithili ya pembe za kondoo dume, na aliilinganisha na mama mtu mzima. Kikorintho ni nyembamba yenye majani, nayo ni msichana. Ya tano inachanganya mikunjo ya Kiionia na majani ya Kikorintho.

Kuhusu Kikorintho Vitruvius ana kisa. Msichana wa Korintho alikufa, mlezi wake akaweka kaburini kikapu cha vitu alivyovipenda, akakifunika kwa kigae. Kikapu kilikaa juu ya mzizi wa mmea uitwao akantho. Masika yalipofika majani yalichipua, yakakizunguka kikapu, na yalipofika kwenye kigae yakajikunja. Mchongaji Kalimako akapita, akaona, akakigeuza kuwa kichwa cha nguzo. Huenda ni hekaya tu. Ila ukishaisikia huwezi tena kuitazama nguzo ya Kikorintho usione kikapu.

Roma iliyokuwa darasa lao ilikuwa pia machimbo yao. Mawe ya Koloseo, uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi, yalibebwa kwenda kujengea makanisa na majumba, na marumaru za mahekalu zilichomwa ziwe chokaa. Msanii Raphael, aliyekabidhiwa na Papa Leo X usimamizi wa mawe ya kale, alishiriki kuandika barua kwa Papa huyo akilia juu ya uharibifu uliokuwa ukifanywa na Waroma wenyewe. Alipofariki mwaka 1520 alizikwa ndani ya Panteoni, jengo la kale lililosalimika kuliko mengine, kwa kuwa lilikuwa kanisa tangu mwaka 609. Kuba ya Panteoni ni ya zege tupu, bila chuma ndani, upana wake mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu ni karibu kilekile, kiasi kwamba tufe zima lingeweza kukaa ndani. Kila msanifu wa Renesansi alipita hapo akatoka akiwaza.

Donato Bramante ndiye aliyewaza kwa ukubwa zaidi. Kwanza alijenga Tempietto, kikanisa cha mviringo kilichozungukwa na nguzo 16 za Kitoskana juu ya kilima cha Roma, kidogo kiasi kwamba watu wachache wanakijaza. Kisha mwaka 1506 likawekwa jiwe la msingi la Basilika mpya ya Mtakatifu Petro kwa mchoro wake. Kazi ilipita kwa wasanifu kadhaa. Michelangelo aliichukua akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na akafa kuba haijajengwa. Giacomo della Porta aliikamilisha mwaka 1590. Gharama zake hazikuishia Roma, kwani uuzaji wa rehema, yaani vyeti vya kusamehewa adhabu za dhambi, uliochangia fedha za ujenzi ndio uliomchochea mtawa Mjerumani Martin Luther mwaka 1517, na Ukristo wa magharibi ukagawanyika.

Aliyeueneza mtindo huu duniani, lakini, hakuwa wa Roma wala Firenze. Andrea Palladio, mtoto wa msaga nafaka, alizaliwa Padua mwaka 1508 na kufanya kazi ya uchongaji mawe Vicenza hadi alipokuwa mtu mzima. Majengo yake mengi ni nyumba za mashambani za matajiri wa Venezia, zenye maghala ya nafaka na mazizi. Nguzo zake nyingi ni za matofali yaliyopigwa plasta, maana wenye mashamba hawakutaka kulipia marumaru. Alichokizoesha ni kuweka uso wa hekalu, yaani nguzo na pembetatu juu yake, mbele ya nyumba ya kuishi watu. Katika Villa Rotonda uso huo umewekwa pande zote nne, na kuba katikati.

Mwaka 1570 alichapa vitabu vyake vinne vya usanifu, vyenye michoro safi na vipimo vilivyoandikwa ndani ya michoro. Fundi aliye mbali, ambaye hatafika Italia maisha yake yote, aliweza kufungua ukurasa na kujenga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya kuenea kwake. Msanifu Mwingereza Inigo Jones alibeba nakala Italia, akarudi Uingereza kujenga Queen's House huko Greenwich na Banqueting House jijini London. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alijenga nyumba yake ya Monticello akimfuata Palladio, na maktaba ya chuo kikuu cha Virginia aliichora kama Panteoni kwa nusu ya vipimo. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kumtambua mwana wa msaga nafaka yule.

Kutoka Ulaya nguzo zikasafiri na dola za kikoloni, na hapo maana yake ikabadilika. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina safu ya nguzo mbele na simba wawili mlangoni. Mpangilio wake una utulivu uleule ambao Alberti angeukubali, lakini hadi mwaka 1958 Waafrika hawakuruhusiwa kuingia kusoma. Nguzo zilezile zilizowakaribisha watoto wa Firenze hapa zilisimama kama askari. Baada ya uhuru Afrika nayo ilizitumia kwa hiari yake: Basilika ya Yamoussoukro huko Cote d'Ivoire, iliyotabarukiwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1990, imefuata kwa makusudi sura ya Mtakatifu Petro.

Lakini pwani yetu haikungoja Waingereza. Ina jengo la Renesansi yenyewe, la wakati wake, na wengi tunalipita bila kulijua kwa jina hilo. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milan aliyekuwa akiwatumikia Wareno, wakati Filipo wa Pili wa Hispania alipokuwa pia mfalme wa Ureno.

Ngome za kale zilikuwa na kuta ndefu na nyembamba. Mizinga ilipokuja, kuta hizo zikawa zinavunjika kama vigae. Waitaliano wakabuni kuta fupi, nene, zilizoinamia ndani, na pembeni wakatoa buruji, yaani minara mifupi inayochomoza nje ya ukuta, zenye pembe kali, ili mizinga ya buruji moja ifagie ubavu wa nyingine na adui asipate pa kujificha. Ni jiometri ileile ya mahekalu, imepelekwa vitani. Na hapo ndipo mwili wa mtu unaporudi. Francesco di Giorgio Martini wa Siena, katika karne ya 15, alikuwa amechora ngome na mji juu ya umbo la mtu, boma likiwa kichwani. Shirika la UNESCO lilipoiingiza Ngome ya Yesu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, lilitaja wazo hilohilo: kwamba mpangilio wake unafuata imani ya Renesansi kuwa uwiano kamili umo katika mwili wa mwanadamu.

Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha mtu amelala juu ya mwamba wa matumbawe, mikono na miguu ikiwa ni zile buruji nne: San Felipe, San Alberto, San Matias na San Mateus. Aliyesimama uani haoni mtu. Anaona kuta, mizinga, na mabaki ya Waomani walioizingira ngome kutoka mwaka 1696 hadi 1698 na ya Waingereza walioigeuza jela. Waashi waliochonga mawe yale, askari waliolala ndani yake na wavuvi waliopita chini yake hawakuwahi kuliona umbo hilo zima. Aliyeliona ni yule aliyeshika kalamu na rula.